Uso Wenye Hulda Hakuuona

Batu ba mutaa wetu wa Kimemi banapendaka kusema Hulda aliharibika kichwa juu ya vita. Hapana. Vita iliharibu vichwa mingi hapa Butembo, mais kichwa ya Hulda haikuwa kati ya hizo. Hulda alikuwa anatafuta kitu kimoja, na alikitafuta na akili zake zote. Mimi najua, juu meza yangu ya kuuzia mafuta ya ngazi, mawese, inaangaliana na mulango wake, na naimba sauti ya alto katika korali ya bwana yake tangu sijazaa. Donc nitaandika vile ilikuwa, na mwenye kubisha aandike yake.

Hulda alizaliwa Kipese, kule juu kwenye baridi, fasi viazi vinakomalaka na batoto banakua na mashavu ya kupasuka. Baba yake alikuwa mwinjilisti. Siku moja, Hulda akiwa kisichana, orchestre ilipanda kutoka Butembo na magitaa, na ngoma, na bacheza-dansi ba kukata kiuno, ikaja kupiga ku soko. Kipese yote ilishuka. Mwinjilisti akafungia batoto bake ndani, akaweka kiti ku mulango, akakaa na Biblia juu ya magoti. Mchana wote Hulda alisikia gitaa kupitia ukuta. Akachukua kijiti, akatoboa udongo pole pole apate kuona, na kitundu kilipotokea upande wa inje, kikaangalia shamba ya maharagi ya jirani. Aliona maharagi. Njo orchestre ya kwanza yenye Hulda hakuona.

Bamama bengine wanajutia mwanaume mwenye hakubaoa. Hulda alikuwa anajutia nyimbo. Ukikaa naye unachambua majani ya sombe, anakuhesabia: hii nilikosa, na hii, na ile ya kule stade, uwanja wa mupira. Ile ya stade ilikuwa kubwa, wakati wa Mobutu, batu balitoka Kisangani na vyombo vyao katika motokari mbili. Hulda alikuwa na fasi yake tayari, na viatu vya kuazima. Asubuhi uchungu ukamukamata, akazaa Shalom, mutoto wake wa kwanza, na dirisha ya maternité ikiwa inatetemeka juu ya gitaa ya bass. Munganga anamwambia sukuma, yeye anamwambia ngoja, wimbo inaisha.

Mais hizo zote ni maji baridi. Kile chenye kilimuumiza ni bwana yake.

Kwetu, sikukuu ya kanisa haifanyikake pasipo bamama ba nyuma. Mbele kuna korali, vitambaa, vinanda, pasta na saa yake. Nyuma kuna moshi. Ba mbele banakula, banashukuru, banarudi kwao. Ba nyuma banabaki kukwangua masufuria. Hulda alikuwa wa nyuma tangu aliposhuka Butembo, juu aliweza kugeuza bugali ya batu mia mbili pasipo bonge hata moja, na mutu akishajulikana na kitu kama hicho, amekwisha. Hakuna mwenye atamwambia tena: mama, pumzika, nenda uketi. Hata masufuria makubwa ya bamama, ni yeye alikuwa anayajibia mbele ya kanisa. Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Sufuria ya bamama haichukuliwe kama mwenye kuijibia hayuko. Pasta mwenyewe anaomba.

Njo kule nyuma, kupitia mbao za ukuta, alisikia sauti ya Éliakim mara ya kwanza. Aliniambia kwamba aliacha muiko kusimama peke yake ndani ya bugali. Wimbo ulipoisha, kijana mwembamba akakuja jikoni kuomba maji ya moto na chumvi, juu ya koo. Hulda akamimina bila kuinua macho. Kijana akashukuru na luga ya kwetu, wasingya, mama. Na kwa hilo neno moja Hulda akajua ni yeye. Alipenda mutu mbele ya kujua pua yake iko namna gani.

Sasa utaniuliza: balioana, balikaa pamoja miaka na miaka, namna gani hakumuona akiimba? Sikia. Éliakim alikuwa mwalimu wa korali. Siku ya Mungu ya kawaida, jumapili, tunaimba nyimbo za kitabu, na yeye anasimama anatuangalia sisi, anatupigia mikono kutuongoza. Kanisa inaona mugongo wake. Ule mugongo Hulda aliujua sana, koti ni yeye aliishona mara tatu. Mais ku festivali ya makorali, mara moja kwa mwaka, Éliakim alikuwa anaachia Maliro, président wa korali, kupiga mikono, na yeye anageuka. Anaangalia batu na anaimba peke yake, sisi tunamushikilia chini na sauti zetu. Wimbo wake wa Emau, alitunga yeye mwenyewe. Sauti ile hakuitoaka ku nyumba. Nyumbani alikuwa anavuma tu kama nyuki. Hulda akimuomba, anamujibu: "Mama Shalom, ile sauti ni ya batu. Nikiitoa hapa, bati itaruka."

Na ku festivali Hulda yuko wapi? Nyuma. Kila mwaka anajiambia leo nitakimbia, wimbo moja tu, narudi. Mwaka moja maji ya bugali yakamwangika. Mwaka mwengine wageni wa Goma walifika mbele ya saa. Mwaka mwengine alikimbia kweli, muiko ku mukono, akafika ku dirisha, akakuta batu wamejaa ku dirisha kama nzige. Aliona kofia. Aliruka-ruka pale, mama muzima, akaona kofia zaidi.

Kisha vita ikakuja, na festivali ikafa. Bakubwa ba vita balikuwa Beni, bengine Butembo, basoda, maaskari ba inchi ya jirani, katikati yao, na ndani ya musitu balikuwa bengine benye hata bakubwa habakujua ni ba nani. Kutoka hapa kwenda Beni ni njia fupi, mais wakati ule ilikuwa unaaga watoto mbele ya kuifuata. Korali ilikuwa inaimba matanga tu. Éliakim akaanza kuota mvi, na meno mawili ya mbele yakamutoka. Katika mwaka wa elfu mbili na moja, tukasikia parokia moja ya Beni, upande wa Mavivi, inataka kuamusha festivali. Éliakim akatuambia ku mazoezi kwamba atakwenda kuimba Emau mara ya mwisho. Pumzi inapunguka, alisema, na mutu asingoje batu bamuonee huruma. Beni ikiisha, wimbo anauachia kijana mwengine.

Hulda alisikia hiyo habari kwangu, ku meza ya mafuta. Siku ya mukutano wa bamama akasimama.

"Beni sitapika," alisema. "Naenda kuketi."

Bamama balicheka. Mumoja akamuuliza kama atajua kuketi, juu hakuna mwenye alishamuona akifanya hiyo kazi. Hulda akamujibu kwamba atajifunza ndani ya lori. Akauza kuku zake, akashonesha kikwembe, kitenge cha rangi ya limau. Éliakim mwenyewe, mutu mwenye hakujuaka kusema maneno ya mapenzi, nilimusikia anamwambia ku mulango: "Kaa mbele, upande wa kushoto. Nikigeuka, macho yangu inaangukaka kule." Hulda alitembea juma muzima kama musichana wa kuchumbiwa.

Mais parokia ya Beni ilikuwa imejaa bakimbizi, balilala mpaka ndani ya darasa za shule. Bakatuma neno kwamba moto iko, maji iko, chakula hakuna: kila korali ije na chakula yake, na sufuria zake. Basi masufuria mawili makubwa ya bamama yakapakiwa juu ya lori, na wasichana wawili wakachaguliwa kuyapikia. Hulda aliyapandisha yeye mwenyewe, akayafunga na kamba. Kisha akapanda, akaketi, akapanga kikwembe chake juu ya magoti. Ilikuwa siku ya tano, ijumaa, asubuhi. Éliakim alikuwa aimbe siku ya Mungu, mchana.

Lori ilikuwa ya Hassan, muislamu wa Beni, mutu wa mizaha, mwenye alijua kila barrière, kizuizi cha basoda ku njia, na jina la kila mutu mwenye kushika kamba yake. Ya kwanza tulipita. Ya pili tulipita, tukaachia kuku. Tulipofika ku mulima wa Kabasha, tukakuta basoda benye Hassan hakujua. Walikuwa wapya, wakondefu, macho mekundu. Bakatushusha bote, bakapekua mizigo, na mumoja akapanda juu. Akapiga sufuria na kiganja, ikalia kama kengele.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

Maliro, mutu wa suti na woga, akasema mbio-mbio: "Mubaki nayo tu, chef. Ni zawadi ya kanisa."

Na ilikuwa iishie pale. Sufuria mbili, tungelia kidogo, tungeenda. Mais Hulda alikuwa na miaka makumi mawili ya kujibia zile sufuria, na mdomo wake ukatangulia akili.

"Kanisa gani inatoa zawadi pasipo kuniuliza?" alisema. "Hizi ni za bamama. Ni mimi ninazijibia."

Alifikiri sawa vile kwetu: mwenye kuijibia akionekana, sufuria haichukuliwe. Alifikiri soda naye ana mama, na mama yake ana sufuria ku kanisa.

"Njo wewe mupishi?" soda akamuuliza.

"Njo mimi."

"Donc baki nayo, mama. Hapa tunakulaka vibaya."

Bengine bakacheka. Bakashusha sufuria, bakamushika Hulda mukono, bakamusogeza kando, kule kwenye majiwe matatu na kuni mbichi. Alipojua kile alichokuwa amesema, uso wake uligeuka kama mutu mwenye amemeza mwiba wa samaki. Éliakim akaenda mbele, akasema yeye pia anabaki, hawezi kuacha muke wake ku barabara. Hulda akamusukuma kifua na mikono mbili.

"Panda, Baba Shalom," alisema. "Ukibaki hapa, kule nitaenda kumuangalia nani?"

Hassan akamuapia: kesho anapeleka muzigo Butembo na kurudi Beni, atapita, atamubeba. Siku ya Mungu ni mbali bado. Hulda akakubali, akavua kikwembe cha limau, akakikunja, akanipa nikichunge, asikipake moshi. Tulipopanda, alikuwa amekwisha kuinama ku moto. Alitaka kumaliza upesi.

Maharagi ya basoda yalikuwa ya zamani, ya kutobolewa na wadudu, na hiyo ni maharagi yenye haina haraka. Habari hii nilipewa na yeye mwenyewe, kisha. Alipika, balikula, bakamwambia vizuri mama, na kesho. Kesho yake, siku ya posho, Hassan alipita kama alivyosema. Aliomba, alibembeleza, akabaambia huyu ni mama yangu. Soda mumoja akamuuliza namna gani muislamu anazaliwa na mama wa korali. Hassan akamujibu kwamba mambo ya nyumba ya batu hayaulizwake barabarani. Balicheka mpaka kupiga magoti, bakamupa sigara. Mais habakumuachilia Hulda. Mukubwa wao anakuja kesho, balisema, anataka chakula ya mupishi. Hassan akangoja pale mpaka bakamuelekeza bunduki ku pneu, gurudumu la lori.

Siku ya Mungu Hulda alikoka moto na mapema kabisa. Kufika saa tatu alikuwa amemaliza yote: maharagi, bugali, na kanyama kidogo kenye balipata wapi, Mungu anajua. Akafunika, akanawa, akasimama tayari. Mukubwa hakukuja. Akaomba ruhusa aende, chakula ni hiki, musaidie tu kupakua. Bakasema hakuna mutu anakula mbele ya mukubwa, na mupishi hatoki mukubwa hajakula. Akapiga magoti. Huyu mama wa mdomo mukali, mwenye alisemeza pasta mbele ya batu, akapiga magoti ndani ya majivu, akabaambia bwana yangu anaimba leo, sijamuona hata mara moja, na hataimba tena. Soda mumoja akamwambia: "Mama, na mimi mama yangu hajaniona miaka mbili." Hakuisema vibaya, Hulda aliniambia. Njo ile ilimukatisha tamaa, juu na soda naye alikuwa amefungwa pale.

Kutoka Kabasha, siku ya mbingu safi, unaona mbali, mpaka kule chini Beni inapoanzia. Ndege za vita zilikuwa zinashuka ku uwanja wa Mavivi, moja, na ingine, ndogo kama nzi. Hulda alisimama ku kando ya barabara akaziangalia. Fasi ile ndege inashukia, alijua, njo fasi bwana yake anasimama. Alikuwa anaona mbingu juu ya kichwa cha Éliakim, ni yeye tu hakumuona.

Kule Mavivi, kiti cha mbele, upande wa kushoto, nilikitandika kile kikwembe cha limau. Bamama walikuja kukikalia, nikabafukuza mumoja mumoja. Éliakim aligeuka, macho yake yakaanguka pale, kwenye kikwembe. Nilifikiri hatafungua kinywa. Akafungua. Katikati ya shairi ya pili ndege ikapita juu ya bati, na akanyamaza, mikono juu, akangoja makelele iishe, kisha akaendelea fasi ile ile. Batu walisimama. Bakimbizi balitoka mpaka darasani na batoto mugongoni. Wimbo ulipoisha, hakungoja pasta aombe, hakungoja chakula. Alishuka, akapita katikati ya batu benye balitaka kumushika mukono, akatafuta Hassan, na bakaondoka na lori tupu.

Yenye ilifuata, Hassan ndiye aliona. Balifika Kabasha jua ikiwa kali bado. Basoda balikuwa bamelala chini ya miti, bengine bamevua viatu, bunduki ku kifua. Hulda alikuwa ameinama, mugongo ku barabara, anapuliza moto, juu chakula ya mukubwa ilikuwa imepoa na balimwambia aipashe tena. Éliakim akaruka chini lori haijasimama vizuri. Na akamuita. Hassan anasema hakumuita sawa vile mutu anaitaka muke wake. Alikuwa bado na sauti ya festivali mwilini, haikukuwa imelala. Alisema "Hulda", neno moja, na mulima ukarudisha.

Basoda bakaruka. Bengine balifikiri ni adui, bengine bakakimbia pasipo viatu. Mwenye alikuwa karibu yake, na woga tu, hata hasira hakuwa nayo, akamupiga na kitako cha bunduki. Kwenye koo.

Hulda aligeuka. Alikuta Éliakim amekwisha kupiga magoti, mikono ku shingo, anatafuta hewa.

Kisha hapo hakuna mwenye aliuliza tena habari ya mukubwa. Basoda wenyewe balimusaidia Hassan kumupakia. Bakamurudisha Butembo moja kwa moja, hospitali, bakamutoboa shingo, bakamutia kampira apumue. Hakufa. Baliondoa kampira kisha ya majuma mingi, na munganga akamwambia Hulda amushukuru Mungu, bwana atakula, atalima, atafanya yote. Hulda akamuuliza na sauti? Munganga akamuangalia kama mutu mwenye amepewa ng'ombe na anaulizia kamba. Sauti, alisema, ilivunjika ndani, mama.

Bamama walikuja kusalimia. Na unajua mumoja aliuliza nini, mgonjwa hajageuka hata ku kitanda? Aliuliza masufuria yalibaki wapi. Sitasema jina lake, mais anajijua, na yeye kupika hajui.

Basi Hulda akaanza kazi. Asali na tangawizi. Moshi ya majani ndani ya blanketi, Éliakim anatoka humo amelowa kama kifaranga. Maombi ya kufunga, kule mulimani. Munganga mwengine kule Beni, alimupeleka na njia ile ile, barrière ile ile, basoda bengine. Éliakim alifuata pasipo kubisha. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo. Ukitaka kumusikia unaweka sikio karibu, na hata hapo unasikia kama mutu anakwangua chungu. Alianza kusema na mikono, kisha hata na mikono akaacha.

Alipoona dawa imeshindwa, Hulda akageukia sisi. Alikuja kwangu kwanza. Akakaa ku benchi yangu, hakununua mafuta. Alitaka nimwambie uso wa Éliakim ulikuwa namna gani kule Mavivi. Nikamwambia alifunga macho. Akashukuru, akaenda. Kesho yake akarudi na hasira. Maliro alimwambia alikuwa amefungua macho, anaangalia juu. Tenor mumoja alisema alikuwa anacheka kidogo. Mwengine alisema machozi. Hulda akanishika mukono, akanikaza.

"Mulikuwa batu kanisa muzima," alisema. "Na hakuna hata mumoja mwenye aliangalia."

Nilitaka kujitetea, kwamba mutu akiimba anabadilika, mara anafunga mara anafungua. Hakutaka. Alitaka uso moja. Alienda nyumba kwa nyumba, alisimamisha batu ku soko, alikwenda kuuliza hata Hassan, mwenye wakati wa wimbo alikuwa inje anabadilisha pneu. Batu wakaanza kumukimbia. Banaona anakuja, banaingia duka yenye hawana kazi nayo. Alikonda. Ku jikoni ya kanisa hakukanyaga tena, na ku harusi ya binti ya Maliro bugali ilikuwa na mabonge kama ngumi, nilikula, ninajua.

Kisha siku moja, siku ya Mungu, mbele ya ibada kuisha, akapitisha neno kati ya korali na majirani kwamba tuje kwake mchana. Tulifikiri ni shukrani, juu Éliakim alikuwa anatimiza mwaka tangu atoke ku hospitali. Bengine balikuja na ndizi, bengine na sukari. Tukakuta amepanga viti na mabenchi ndani ya lupango, uwanja wa nyumba yao, mistari kwa mistari, vinaangalia mulango wa nyumba. Hakuna moto. Hakuna sufuria. Hulda mwenyewe alikuwa ameketi mbele, upande wa kushoto, na kikwembe cha limau. Sikuwa nimemuona na hicho kikwembe tangu nilipomurudishia.

Éliakim akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti yake. Alipotuona, akasimama ku mulango, na ikaonekana wazi kwamba na yeye alikuwa ameitwa kwa shukrani.

"Baba Shalom," Hulda alisema, "batu ni hawa. Uliniambia ile sauti ni ya batu. Nimekuletea. Imba."

Maliro akainuka, akasema pole pole kwamba mama, unamuumiza mugonjwa, hiyo haiko kazi ya Mukristo. Hulda hakumuangalia.

"Wewe ulimuona," alisema. "Ketia chini, ao umupigie mikono."

Nilifikiri Éliakim atarudi ndani. Alikuwa na haki. Mulango ulikuwa wazi nyuma yake. Alimuangalia muke wake muda murefu, kisha akatoka mbele, hatua ndogo, akasimama katikati ya lupango, uso kwetu. Maliro akainua mikono. Na sisi tukaanza, chini, bass, kisha tenor, kisha sisi alto, vile tulivyokuwa tunamushikilia. Fasi yake ilipofika, alifungua kinywa.

Upepo. Na kule ndani ya upepo, kitu kama kukwangua. Mishipa ya shingo ilimusimama, na lile kovu la kampira likawa jekundu. Macho yake, na safari hii niliangalia vizuri, yalikuwa wazi, yalikuwa juu ya Hulda, na yalikuwa yanaomba. Mwisho wa shairi ya kwanza akashindwa. Akaweka mukono ku koo, akakohoa, akakohoa tena, akainama. Sisi tukanyamaza mumoja mumoja. Mama mwenye alikuja na sukari alikuwa analia ndani ya kitambaa. Batu walianza kuvuta viti, kutafuta batoto babo, kila mutu anataka kuwa fasi ingine.

Hulda peke yake hakusogea. Mikono ilikuwa imelala juu ya kikwembe, kichwa imeinuka, machozi yanashuka mpaka ku kidevu na hayapanguse. Alingoja Éliakim amalize kukohoa.

"Anza tena," akamwambia. "Machozi yalinifichia uso wako, sikuona vizuri."

Éliakim akameza mate, na tuliona vile ilimuuma. Akajinyoosha. Akageuka kidogo, kushoto, fasi yenye Hulda alikuwa ameketi.